Maisha ya Daktari Hastings Kamuzu Banda, na Jinsi Alivyoupata Udaktari

Katika sharika zetu za bonde la Kilombero, tangu Kidatu hata Mlimba, na ng'ambo ya mto mpaka Malinyi, wako vijana waliokwisha kusoma chuo kikuu wakapata shahada ya ualimu au ya mambo mengine, kisha mioyo yao ikawasukuma kuutaka utabibu. Wengi wao wameiona shida ya wagonjwa kwa macho yao wenyewe. Mtu aliyemchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa kutoka Lupiro kwenda Ifakara siku za pantoni, kabla ya daraja kujengwa, hawezi kusahau jinsi mto ulivyomkawilisha. Tena Ifakara kwenyewe mafundisho ya utabibu si jambo geni. Mwaka 1961 Waswisi wa Basel walianza kuwafundisha huko waganga wasaidizi wa vijijini, na chuo cha udaktari cha Mtakatifu Fransisko kikafunguliwa mwaka 2010. Lakini kijana mwenye shahada akisema kwamba anataka kuanza tena darasani, jamaa zake humshangaa. Humwuliza fedha zitatoka wapi, na ataoa lini, na kwa nini asishike kazi aliyosomea. Kwa ajili ya hao nimeona vema kueleza habari za mtu mmoja wa nchi jirani, ambaye jina lake hutajwa mara nyingi kwa ajili ya utawala wake, wala si wengi wanaoikumbuka njia aliyoipita hata akawa daktari.

Hastings Kamuzu Banda alizaliwa yapata mwaka 1898 karibu na Kasungu, katika nchi ambayo leo huitwa Malawi. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kabila la Wachewa. Jina Kamuzu maana yake ni mzizi mdogo, na yasimuliwa kwamba mamaye alikuwa amekawia kupata mtoto, akapewa dawa ya mizizi, ndipo akamzaa huyu. Siku zile Wamisionari wa Uskoti walikuwa wamekwisha kuijenga misioni ya Livingstonia upande wa magharibi wa Ziwa Nyasa, ng'ambo ya milima ile ya Ukinga tunayoiita ya Livingstone, na shule zao zilienea mpaka Kasungu. Huko mtoto Kamuzu akajifunza kusoma, akabatizwa, akawa mwanafunzi hodari, mwenye kutamani kuendelea mbele.

Yapata mwaka 1915 akaenda kufanya mtihani ili apate kuendelea. Chumba kilijaa watu, naye alikuwa mfupi wa kimo, ameketi nyuma. Maswali yaliandikwa ubaoni. Akasimama apate kuyaona juu ya mabega ya mwenzake aliyekaa mbele yake. Mmisionari aliyesimamia mtihani, Bwana Cullen Young, akadhani kwamba anaiba majibu ya mwenzake, akamtoa nje, na jina lake likafutwa. Walimu wa shule na ninyi waalimu wa dini, jambo hili litazameni vema. Bwana Young hakuwa mtu mbaya. Alizipenda desturi za watu wale, akaandika vitabu vingi juu yao. Lakini kwa nukta moja ya haraka kijana akafungiwa mlango wa shule ya pekee aliyoijua.

Basi Kamuzu akaondoka kwao kwa miguu. Alikuwa na mjomba wake, Hanock Msokera Phiri, aliyekuwa mwalimu wa shule za misioni, nao wakashika njia ya kusini hata wakafika Hartley katika Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Huko akapata kazi ya chini katika hospitali. Hapo ndipo alipoona kwa karibu kazi ya kuwatunza wagonjwa, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mtumishi tu. Mwaka 1917 akaendelea mpaka Johannesburg. Mwenye kutaka kujua urefu wa safari hiyo na awaze mtu atokaye Ifakara kwa miguu mpaka Dar es Salaam, arudi, aende tena, arudi tena, na bado hajaimaliza.

Katika machimbo ya dhahabu karibu na Boksburg akawa karani, na jioni akaenda shuleni. Akaingia katika Kanisa la Methodisti la Waafrika wa Marekani, na huko akaonana na Askofu W. T. Vernon. Askofu huyo akamwahidi kwamba atamlipia ada ya shule huko Marekani, ila nauli aitafute mwenyewe. Msaada wa namna hii naona ni mwema kuliko ule wa kumbeba mtu mzima mzima, kwa maana humwonyesha mfadhili kama mtu anataka kweli. Kamuzu akaweka akiba ya mshahara wa karani, na mwaka 1925 akapanda meli kwenda New York. Alikuwa amekwisha kukaribia umri wa miaka 27, na masomo yake yalikuwa bado ya shule ya chini.

Akapelekwa Wilberforce, katika jimbo la Ohio, shule iliyojengwa kwa ajili ya watu weusi. Akasoma pamoja na vijana walio wadogo kwake sana, akamaliza mwaka 1928. Hapo ahadi ya Askofu ikawa imekwisha, naye hakuwa na fedha. Akapata rafiki waliomsaidia kuingia katika chuo kikuu cha Indiana, na nia yake aliyoiandikisha ilikuwa kujitayarisha kwa utabibu.

Hapa yafaa nieleze desturi ya Marekani, maana si kama ya kwetu. Kwetu kijana aliyefaulu fizikia, kemia na baiolojia katika kidato cha sita aweza kuingia chuo cha udaktari moja kwa moja. Huko Marekani chuo cha udaktari husimama juu ya chuo kingine. Kwanza mtu husoma miaka kadhaa katika chuo kikuu, na siku hizi karibu wote hupata shahada kamili. Aweza kuchagua somo lolote liwe kubwa kwake, hata historia au lugha, mradi pamoja nalo awe amejifunza elimu ya viumbe, kemia na fizikia, na kufanya kazi katika maabara. Kisha huomba kuingia chuo cha udaktari kwa miaka minne. Hata mwenye shahada isiyo ya sayansi, akitaka kugeuka, hurudi kusoma masomo yale yaliyompungukia, ndipo aombe. Hivyo huko si ajabu mtu mwenye shahada ya historia kuonekana akipasua maiti ili ajifunze mishipa.

Masharti hayo yalikazwa zaidi baada ya mwaka 1910. Karibu na mwaka huo mtu mmoja, Abraham Flexner, alitembelea vyuo vyote vya udaktari vya Marekani na Kanada, akaandika habari zake bila kumpendelea mtu. Vingi vilikuwa vibaya kweli, havina maabara wala wagonjwa wa kujifunzia, navyo vikafungwa. Lakini kufungwa huko kuliwaangukia watu weusi kwa uzito mkubwa. Walikuwa na vyuo 7, na baada ya miaka michache vikabaki viwili tu, Howard mjini Washington na Meharry mjini Nashville. Vyuo vingine vingi havikuwapokea. Kwa hiyo Mwafrika aliyetaka udaktari alikuwa na milango miwili ya kubisha katika nchi ile kubwa, na mbele ya milango hiyo walisimama wengi.

Kule Indiana Banda aliandika insha juu ya desturi za Wachewa, na mwalimu wake, Stith Thompson, mwenye elimu ya hadithi za mataifa, akaziona kuwa na thamani. Akampeleka kwa Edward Sapir wa chuo kikuu cha Chicago, mjuzi mkubwa wa lugha. Banda akahamia huko. Akafanya kazi pamoja na Mark Hanna Watkins, Mmarekani mweusi, akimweleza maneno na sauti za Kichewa neno kwa neno, na kutoka kazi hiyo Watkins akatunga sarufi ya lugha hiyo, iliyopigwa chapa mwaka 1937. Mwaka 1931 Banda akapata shahada yake ya kwanza ya chuo kikuu, na somo lake kubwa lilikuwa historia.

Angeweza kukoma hapo. Mtu mweusi wa Nyasaland mwenye shahada ya Chicago mwaka 1931 alikuwa kama mti mmoja katika mbuga. Alikuwa amezoea lugha na historia, na wakuu wa elimu hiyo walimjua. Umri wake ulikuwa yapata miaka 33. Wenzake wa utoto walikuwa na watoto wakubwa. Wala sidhani kwamba miaka ya historia ilikuwa ya hasara kwake, ingawa wako watakaosema hivyo. Tabibu ajuaye kusikiliza lugha ya mgonjwa na kuuliza mambo yalianza lini na kwa nini, huyo amekwisha kufanya nusu ya kazi kabla hajashika dawa. Banda hakukoma. Akawaendea waliomjua, akaomba msaada tena. Mwenye kumsaidia zaidi alikuwa mama mmoja tajiri wa Chicago, Bibi Smith, ambaye mumewe alipata mali katika biashara ya dawa na ya dawa ya meno. Kwa fedha hizo na za wengine akaingia chuo cha Meharry.

Chuo hicho kina hadithi yake, nami siwezi kuipita. Kijana mmoja mzungu, Samuel Meharry, alikuwa akiendesha gari lake lenye shehena ya chumvi katika nchi ya Kentucky. Usiku, kwa mvua, gari likateleza likazama matopeni. Karibu na hapo ilikuwako nyumba ya watu weusi waliokuwa watumwa kwanza, nao wamepata uhuru wao. Nao walikuwa katika hatari ya kukamatwa wakauzwe tena kama wakijulikana. Hata hivyo wakamkaribisha, wakampa chakula na kitanda, na asubuhi wakalitoa gari lake. Hakuwa na fedha ya kuwapa. Akaahidi kwamba akipata mali atalitendea mema taifa lao. Miaka ikapita mingi, akapata mali, na yeye pamoja na ndugu zake wanne wakatoa fedha na mashamba, na mwaka 1876 Kanisa la Methodisti likaanzisha chuo hicho cha kuwafundisha udaktari watu waliotoka utumwani. Familia ile yenye nyumba kando ya matope, majina yao hayakuandikwa, lakini maelfu ya madaktari wametoka katika kitanda kile walichompa mgeni.

Banda hakuwa wa kwanza wa nchi yake kusoma Meharry. Daniel Malekebu wa Chiradzulu alipata udaktari wake huko mwaka 1917, na mwaka 1926 akarudi kwao kuifufua misioni ya John Chilembwe, iliyobomolewa katika vita vya 1915. Hivyo njia ilikuwa imekanyagwa na mtu mmoja. Hata hivyo maisha ya Nashville hayakuwa mepesi. Katika majimbo yale ya kusini sheria ilimtenga mtu mweusi katika magari ya moshi, katika hospitali, hata katika mahali pa kunywa maji. Banda akavumilia, akasoma, na mwaka 1937 akapewa shahada ya udaktari. Tangu kuondoka Kasungu ilikuwa miaka 22.

Msomaji atadhani kwamba sasa akafunga mizigo kwenda kwao. Sivyo. Shahada ya Marekani haikumpa ruhusa ya kutibu katika nchi za Kiingereza. Ilimpasa afanye mitihani ya Waingereza. Basi mtu huyu mwenye shahada ya historia na shahada ya udaktari akavuka bahari akaketi tena darasani mjini Edinburgh, akijifunza upya mambo aliyokwisha kuyajua. Mwaka 1941 vyuo vya kifalme vya matabibu na wapasuaji vya Uskoti vikampa hati yake. Umri wake ulikuwa umepita miaka 40. Huko Edinburgh, kanisa lile lile lililomtoa katika mtihani likamfanya kuwa mzee wa kanisa.

Nia yake ilikuwa kurudi kuwatumikia watu wake kama daktari wa misioni. Yasimuliwa katika vitabu vya maisha yake kwamba wauguzi wa kizungu waliokuwa Livingstonia waliandika kwamba hawatakubali kupokea amri kwa daktari Mwafrika. Neno hili ni chungu kwetu sisi watu wa kanisa, wala sioni faida ya kulifunika. Watu walioacha baba na mama kwa ajili ya Injili wakashindwa na rangi ya mkono ulioandika dawa. Na wagonjwa wa Kasungu, waliokuwa na watoto wenye homa, hawakuulizwa shauri lao.

Basi akabaki Uingereza. Siku za vita alikataa kwa dhamiri kuingia jeshini kama daktari, akaenda North Shields, bandari ya kaskazini, akawatibu watu huko, kisha akawa na wagonjwa wengi katika mtaa wa Harlesden mjini London. Wagonjwa wake wengi walikuwa wazungu, nao walimpenda kwa upole na kwa adabu yake. Fedha alizozipata alizitumia pia kuwasomesha vijana Waafrika.

Katika miaka hiyo ya Uingereza alikutana na Bwana Cullen Young, yule wa mtihani, ambaye sasa alikuwa amerudi kwao. Mzee na daktari wakaketi pamoja, wakazitengeneza na kuzitafsiri kwa Kiingereza insha tatu za watu wa Nyasaland juu ya maisha ya Waafrika, na kitabu chao kikatoka mwaka 1946 chenye majina ya wote wawili. Katika maisha yote ya Banda sijaona jambo lililonigusa kuliko hili. Yule aliyefuta jina lake katika orodha ya wanafunzi, sasa jina lake mwenyewe limeandikwa karibu na la mwanafunzi yule.

Mambo yaliyofuata yajulikana, nami nitayapita upesi. Mwaka 1953 Waingereza waliiunganisha Nyasaland na Rhodesia mbili, jambo alilolipinga kwa nguvu. Akahamia Kumasi, katika nchi ambayo leo ni Ghana, akaendelea kutibu huko. Tarehe 6 Julai 1958 akarudi kwao, baada ya miaka zaidi ya 40, na kwa kuwa alikuwa ameizoea Kiingereza mno, alihutubia watu wa kwao kwa mkalimani. Mwaka 1959 akafungwa, 1960 akafunguliwa, na mwaka 1964 nchi ikapata uhuru chini yake. Tangu hapo hakushika tena kazi ya udaktari.

Wala sitaficha yale yaliyo mabaya. Mwaka ule ule wa uhuru akagombana na mawaziri wake, wengine wakakimbilia kwetu Tanzania, akiwamo Kanyama Chiume. Mwaka 1971 akafanywa rais wa maisha. Watu walifungwa bila hukumu, na Orton Chirwa, mwanasheria wa kwanza wa nchi ile, alikufa gerezani mwaka 1992. Mwaka huo huo maaskofu Wakatoliki walisomewa barua yao makanisani wakati wa Kwaresima, wakiyakemea mambo hayo waziwazi, na makanisa mengine yakafuata. Mwaka 1993 watu wakapiga kura ya kutaka vyama vingi, na mwaka 1994 Banda akashindwa katika uchaguzi, akaondoka madarakani bila kumwaga damu. Kijana anayemfuata katika masomo hana lazima ya kumfuata katika hayo, na mzazi asiwe na hofu kwamba kusoma sana ndiko kulikomharibu. Wako waliosoma kidogo wakatenda kama hayo, na Malekebu, aliyesoma katika chuo kile kile, alizeeka akiwa mchungaji na tabibu wa watu wake.

Jambo moja lanishangaza mpaka leo. Mtu huyu alijua kuliko wote gharama ya kuutafuta udaktari ugenini, lakini chuo cha udaktari cha Malawi, kilichojengwa Blantyre, hakikuanza mpaka mwaka 1991, alipokuwa mzee sana na utawala wake umekaribia kwisha. Kabla ya hapo kijana wa Kasungu aliyetaka kuwa daktari alilazimika kwenda nchi za mbali, kama yeye alivyokwenda. Banda alifariki tarehe 25 Novemba 1997 katika hospitali mjini Johannesburg, akazikwa Lilongwe.